Masika Wawili wa Mama Berthe

Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu ikashika. Sisi wa mtaa wa Ruwenzori tunayajua malori ya Beni kwa masikio: lile la mawese, lile la mbao, lile la makabichi ya Lubero. Lori la mfanyabiashara hupiga honi likiondoka, ili abiria waliochelewa wakimbie na mizigo yao. Hili halikupiga honi. Lilinguruma polepole nyuma ya ukuta wa shule ya msingi, na ndani ya ngurumo hiyo tulisikia wanawake wakiita majina ya watoto.

Tulipofika langoni, nusu ya ua ilikuwa tupu. Masufuria yalikuwa bado juu ya mafiga, na moshi ulikuwa bado unapanda.

Waliochukuliwa walikuwa wakimbizi wa Ituri. Mwaka ule wa 2003 vita vya Bunia viliwamimina kwetu, wakaja kwa miguu kupitia msituni, huyu na godoro kichwani, yule na mtoto wa jirani mgongoni. Tuliwapokea kwa sababu nasi tunajua kulala porini. Lakini wenye bunduki walioutawala mji walisema kati yao wamo wapelelezi, kila mtu arudi kwao. Tukaenda kuuliza haki yao katika ofisi moja yenye feni. Bwana mmoja akatueleza, kwa upole wa mtu aliyeshiba, kwamba mkimbizi mwenye haki ya kuomba hifadhi ni yule aliyevuka mpaka wa nchi. Hawa hawakuvuka mpaka. Mtu ameruka maiti ya baba yake mlangoni, halafu anaulizwa kama amevuka mpaka!

Ndipo tukaunda komiti. Aliyeiongoza alikuwa mama yangu, Berthe Kavuo, mjane, muuzaji wa maharagwe sokoni, mkubwa wa mamas wa parokia. Mimi Muyisa, mwanawe, nilibeba megafoni na kutunga maneno ya kuimbwa barabarani:

Aliyekimbia moto, simrudishe motoni;
leo ni yeye njiani, kesho ni sisi njiani.

Tuliimba hayo mbele ya kila mlango wenye bendera. Wanawake walipiga masufuria, waprotestanti pamoja na wakatoliki, jambo ambalo hata Krismasi haijaliweza. Jibu likawa moja: waliopelekwa wamefika kwao salama, na Jumamosi wengine watafuata.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, Agar akarudi.

Alikuwa mwanamke kijana aliyepandishwa lori la kwanza peke yake, kwa sababu mama yake mzee, Rébecca, alikuwa amempeleka mjukuu, Shalom mdogo, kutibiwa homa. Sasa alisimama mlangoni kwetu amefunga miguu kwa vipande vya kitenge, na vitenge hivyo vilikuwa vimekauka pamoja na ngozi.

"Hatukufika," alisema. "Balitushusha fasi moja, mahali hakuna hata nyumba. Huku bunduki, kule bunduki. Banasema: bon, hapa njo kwenu, mutembee. Tulipotembea, bakaanza kupiga, pande zote mbili."

Mama akamuuliza ni wangapi walipona.

"Sijuwe, mama. Nilikuwa nimelala chini ya mutu."

Mama alimwosha miguu kwa maji ya chumvi, na Agar hakulia mpaka alipoletewa Shalom. Kisha akasema neno moja tu: Jumamosi mama yake, Rébecca, atapandishwa lori hilo hilo.

Sasa sikilizeni jambo lililotupa matumaini. Wale waliotutawala walikuwa na bunduki nyingi na magari machache. Lori halikuwa lao. Lilikuwa la Edmond Kahongya, mfanyabiashara mkubwa wa Butembo, mwenye depo kule mtaa wa Kimemi. Waliliomba, naye akatoa.

"Kisu bila mpini hakikate," alisema Mama. "Na mpini uko Butembo."

Tulimpata Edmond kwa foni, ile redio ya wafanyabiashara. Sauti yake ilikuja imejaa mikwaruzo. Dereva wangu Melchior aliniambia balifika muzuri, alisema. Mimi siachi kazi juu ya maneno ya soko. Kama kuna mutu aliona kingine, aje anielezee uso kwa uso.

Basi ikabidi Agar afike Butembo Ijumaa, na katikati palikuwa na bariere, kizuizi cha askari barabarani.

Kwenye bariere ya kutokea mjini mtu wetu alipita, mtu wa Bunia alishikwa. Mama akamketisha Agar jikoni, akamfundisha Kinande chetu. Asubuhi useme wabukire. Ukipewa kitu useme wasingya. Na ukiulizwa jina, wewe ni Masika, binti yangu. Agar alirudia kama mtoto wa katekisimu: Masika, Masika, Masika.

Masika ni dada yangu. Jina lake la ubatizo ni Gracieuse, lakini kwetu Wanande mtoto hachaguliwi jina la kwanza, analikuta. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, na waliomfuata wana majina yao ya zamu, kila tumbo na hesabu yake. Ukisema jina umekwisha kusema ulizaliwa wa ngapi. Mpango ulikuwa Gracieuse abaki nyumbani, amwazime Agar jina lake kwa siku moja.

Lakini asubuhi Agar hakuweza kusimama na mtoto mgongoni. Miguu ilikataa. Na Shalom, tangu mama yake arudi, hakukubali kuachwa hata mlangoni mwa choo.

"Nipe mimi," akasema Gracieuse, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda pikap ya makabichi pamoja nasi. Mama akasema wasingya. Mimi nikasema twendeni. Hakuna hata mmoja wetu, watu tuliozaliwa na majina haya na tutakaozikwa nayo, aliyekumbuka jambo ambalo mtoto wa shule angelikumbuka.

Kwenye bariere palikuwa na foleni ya watu wa soko. Askari alikuwa kijana mwembamba, kofia imemzidi kichwa. Alitusalimu kwa Kinande, na moyo wangu ukaruka kwa furaha: mtoto wa nyumbani! Alisema yeye ni wa upande wa Kanyabayonga, amechoka, na kwamba makabichi yetu ni mabaya.

"Mabaya ndiyo, lakini yanakuangalia vizuri kuliko mukubwa wako," Mama akamwambia, na watu wakacheka, na yeye akacheka.

"Na hawa, mama?"

"Batoto bangu."

Akamgeukia Gracieuse. "Jina?"

"Masika Gracieuse." Lilimtoka kama pumzi. Amelijibu hivyo tangu ajue kusema.

Akamgeukia Agar. Agar, ambaye kwa usiku mzima alikuwa amejifunza neno moja tu la kumwokoa, akalisema vizuri kabisa, kwa lafudhi ambayo Mama mwenyewe angeisifu:

"Masika."

Askari aliinua kofia yake kidogo. Angekuwa mtu wa Kinshasa, angetuacha tupite. Angekuwa wa Kisangani, vilevile. Lakini alikuwa mtoto wa nyumbani.

"Mama," akasema polepole, "tumbo yako ilizala Masika mara mbili?"

Nilishika megafoni ndani ya gunia, kama mjinga, kana kwamba shairi linaweza kusukuma bunduki. Niliwaza mapacha, lakini mapacha nao wana majina yao. Hakuna mlango. Tulikuwa tumejifungia wenyewe ndani, kwa komeo la kwetu.

Ndipo Mama yangu akafungua mlango uliokuwa umebaki. Aliniangalia, akaangalia wale mamas wa parokia waliosimama nyuma yetu na vikapu, wanawake aliowaongoza kwenye rozari, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Kila mama anazala Masika wake. Huyu ni Masika wangu. Huyu mwingine ni Masika wa mukewenzangu."

Kikapu cha mtu kilianguka. Baba yangu Lusenge alikuwa katekista. Alifundisha nusu ya foleni ile sakramenti ya ndoa. Mke mmoja, Mungu mmoja, ndivyo alivyosema kila mwaka, mpaka kifua kilipomuua.

"Lusenge wa katekisimu?" sauti moja ikauliza nyuma. "Alikuwa na bibi mwingine?"

"Alikuwa naye," Mama akasema. "Kule Bunia. Ndiyo maana Kinande ya huyu mutoto ni kidogo. Munataka nieleze tena, ama munataka niimbe?"

Askari alicheka mpaka akashika bariere. Makatekista, alisema, mais, lakini hawa makatekista! Lakini alipomaliza kucheka, macho yake yalirudi kwa Agar.

"Donc, basi ni nusu ya Bunia. Sawa. Anaweza kupita. Mais ataenda kuongea nini huko Butembo, sijuwe. Niachie huyu wa tumbo yako. Ukimurudisha huyu wa mukewenza jioni, unachukua wako."

Gracieuse alikuwa ameganda. Hakumwangalia askari, alimwangalia Mama, na sikuwahi kuona macho yale kwake. Alishuka na Shalom mgongoni. Askari alidhani mtoto ni wake. Hakujua ameshika rehani mbili. Agar hakuweza kumbusu mtoto wake, wala kumwita kwa jina. Alikaa kati ya makabichi, akauma ncha ya kitenge, na pikap ikaondoka huku Shalom akilia "Mama", na Gracieuse akimwitikia, "Niko hapa, niko hapa."

Njiani hadi Butembo Mama alisali rozari.

Depo ya Edmond Kahongya ilinuka chumvi, kahawa na mpira mpya. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mzee wa kanisa la kiprotestanti, kalamu mbili mfukoni. Alitupa viti, akamsikiliza Agar mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua mikono.

"Pole, binti yangu. Kweli, pole. Mais mimi si askari. Banakuja na bunduki, banasema tunaomba lori. Nikikataa, banachoma lori, banachoma depo. Hapa kuna familia ngapi zinakula kupitia mimi? Na dereva aliniambia batu balirudishwa kwao."

"Kwetu ni wapi, papa?" Agar akamuuliza. "Kwetu iliungua. Melchior wako anajua. Alitutupia mukate wake tulipokuwa tunashuka, alikuwa analia. Askari akamuwekea bunduki hapa." Akagusa shingo yake. "Ndiyo maana alikwambia tulifika. Usimukasirikie."

Edmond alizungusha kalamu. Sikuweza kuvumilia, nikasimama, nikaanza kumwambia kwamba lori linalobeba watu kuchinjwa ni kisu chenye magurudumu, na mwenye kisu...

"Kaa, Muyisa," Mama akasema. "Edmond, unajua leo asubuhi nilifanya nini? Nilisema mbele ya batu bote wa bariere kama Lusenge alikuwa na bibi mbili."

Edmond alimtazama, halafu tumbo lake likaanza kutikisika.

"Lusenge? Bibi mbili? Lusenge huyu aliyekuwa anaogopa hata kuku wako?" Machozi ya kicheko yakamtoka. Walikuwa wamesoma pamoja, yeye na baba, walichezeana mizaha ya dini zao hadi kitanda cha kufia. "Berthe, hata shetani hatakubali hiyo!"

"Batu balikubali. Saa hii Beni yote inakubali. Nimemuvua marehemu nguo barabarani, nikamuacha mutoto wake mikononi mwa askari, sababu ya lori yako. Kama lori itaenda kesho, basi nilimuvua bure. Cheka tena."

Hakucheka. Nje wapakuzi walikuwa wakiangusha mifuko ya chumvi. Mkewe, aliyekuwa amesimama kwenye pazia, alimwambia Agar kwa sauti ndogo kwamba kuna chumba nyuma, abaki, Butembo ni kubwa, hakuna atakayemtafuta. Ilikuwa kweli. Pale, ndani ya chumba kile, angepona.

"Wasingya, mama," Agar akasema. "Mais bariere iko na Masika wa huyu mama. Na iko na Shalom."

Edmond akasimama, akachukua funguo za gari lake la jipu. "Kwa foni hawatanisikia," akasema. "Tuende."

Tulifika bariere mvua ikinyesha. Gracieuse hakuwapo. Kiti alichokalishwa kilikuwa kimelowa. Askari wa Kanyabayonga alitazama chini, sasa kofia yake ilionekana kubwa zaidi.

"Chef, mukubwa wangu, alipita," akasema. "Aliuliza huyu nani, nikamuelezea habari ya bibi mbili, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema nyumba yenye bibi wa Bunia ni nyumba ya Bunia. Alimuchukua, na mutoto. Banapakia leo, hawangoje kesho."

Mama alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu. Uongo uliompitisha Agar ndio uliompandisha Gracieuse lori.

Edmond aliendesha jipu kama mwizi. Uani mwa shule lori lilikuwa limejaa, injini inawaka. Wenzetu wa komiti walikuwa nje ya ukuta wakipiga masufuria, na risasi zilikuwa zimekwisha kupigwa hewani mara moja, maana mfuko wa unga ulikuwa umetupwa chini na mtu aliyekimbia. Juu ya lori, kati ya vichwa vingi vilivyolowa, nilimwona dada yangu. Shalom alikuwa kifuani kwake. Kando yake alikaa Rébecca, mama wa Agar, amemshika mkono.

Mkubwa wa askari wale, chef mwenyewe, alikuwa mtu wa mbali, wa Kilingala. Edmond alimwendea amevaa koti lake la kanisani, akamwambia lori ni lake, na analichukua.

"Nani apesi yo ndingisa?" Nani amekupa ruhusa?

"Nililinunua," Edmond akajibu.

Mkubwa akafungua mkoba wa bastola. Melchior, nyuma ya usukani, aliweka kichwa chake juu ya mikono. Edmond alimtazama dereva wake, akatazama bastola, akanung'unika kitu cha Zaburi, halafu akafanya jambo ambalo hakuna tajiri wa Butembo amewahi kufanya mbele yangu: aliweka kiatu chake kwenye gurudumu, akashika mbao, akajivuta. Suruali ilipasuka nyuma. Rébecca alimpa mkono, akamvuta juu.

"Bon," akasema kutoka juu, akihema, "lori ikienda, mwenye lori anaenda. Munishushe fasi muliwashusha bale bengine."

Mkubwa yule hakuwa mjinga. Alijua askari wake wanakula kutoka depo za Butembo, na alijua Edmond Kahongya akikutwa amekufa njiani, hakuna tone la mazuti ya magari litakalopanda Beni. Alizunguka lori. Alitukana mama zetu wote kwa zamu. Wakati huo mamas wa komiti waliingia langoni na masufuria yao, nao wakaanza kupanda, mmoja mmoja, wakisukumana makalio, wakisaidiana. Askari waliwavuta wengine kwa sketi. Mwingine alipigwa kitako cha bunduki, akapanda na damu mdomoni.

Mwishowe mkubwa akamnyooshea Agar kidole. "Na huyu?"

"Ni Masika wa mume wangu," Mama akasema mara ya pili, mbele ya mtaa mzima, na watu wa kwetu walisikia wote.

"Leo haiendi," mkubwa akasema. "Kesho natafuta lori ingine. Hakuna lori moja tu Congo." Akaamuru injini izimwe, akawaacha askari wake langoni, akaenda.

Hatukushangilia. Kushangilia nini? Tulikuwa tumepata jioni moja. Edmond alikuwa anahesabu kwa vidole majina ya wenye malori wa Butembo: huyu atakubali, huyu ni mwoga, huyu anawauzia sare. Hakuna aliyethubutu kushuka, kwa kuwa lori likiwa tupu lingeweza kuondoka kwenda kujazwa kwingine. Agar alipanda, akamchukua Shalom, akajikunja miguuni mwa mama yake.

Mama alipanda mwisho. Mamas wa parokia walimpisha, na nikaona jinsi walivyompisha: kidogo zaidi ya kawaida, kama unavyompisha mtu mwenye ugonjwa. Akakaa karibu na Gracieuse. Dada yangu alikuwa anatetemeka, mdomo umekuwa wa buluu.

"Ni kweli?" Gracieuse akauliza kwa Kinande. "Baba alikuwa na mwanamke Bunia?"

"Hata wewe?" Mama akasema.

"Nimeulizwa siku nzima. Walikuwa wanacheka. Sikujua nijibu nini. Baba hawezi kujitetea, na wewe ndiye uliyemshtaki."

Mvua ilipiga juu ya masufuria. Askari waliobaki langoni walikuwa watu wa Kilingala, hawakuelewa Kinande, na Mama alihakikisha hilo kwa kuwatazama mmoja mmoja. Kisha akamshika Gracieuse uso kwa mikono miwili, akasema, si kwa kunong'ona bali kwa sauti iliyofika pembe zote za lori, ili mamas wa parokia nao wasikie:

"Baba yako alikuwa na mke mmoja, na mke huyo ni mwongo. Siku Agar atakapokuwa na haki ya kulala katika mji huu bila mtu kumgongea mlango, Jumapili ya siku hiyo nitasimama mbele ya altare, nitasema nilidanganya, na nitamvika Lusenge nguo zake mbele ya watu wote walioona nikimvua. Kabla ya siku hiyo, hata askofu akiniuliza, baba yako ana wake wawili, na wewe una dada. Nakuahidi, Masika wangu. Nakuahidi."